Sekunde Mbili za Mikese

Mwezi wa saba mwaka 2018 nilikuwa nampeleka Mama Morogoro kwa dada yake. Tulitoka Kimara saa kumi na moja alfajiri ili tuvuke Kibaha kabla barabara haijajaa. Gari lilikuwa Subaru Forester ya mwaka 2004, ile yenye turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, niliyoinunua kwa akiba ya miaka minne. Mpaka leo nikisikia mngurumo wa injini ya aina ile barabarani, nageuka kuangalia.

Ukishapita Chalinze, malori ya Zambia na Kongo yanafuatana kama mabehewa. Karibu na Mikese tukawa nyuma ya tenka la mafuta lililokuwa linapanda polepole. Mbele kulikuwa kweupe na mstari wa katikati ulikuwa wa vipande. Nikawasha indiketa, nikatoka kulia, nikakanyaga mafuta.

Gari halikuitika. Halikuzima wala halikutoa moshi, lilisita tu. Mguu ulikuwa umeshuka, mshale wa mizunguko ya injini umesimama palepale, na kwa muda wa kama sekunde mbili tulikuwa tunaelea ubavuni mwa tenka bila nguvu yoyote. Halafu injini ikashtuka na kutaka kuruka mbele, lakini wakati huo basi lilikuwa limeshatokeza kilimani likipiga taa. Nikakanyaga breki, nikarudi nyuma ya tenka. Upepo wa basi ulilitikisa gari zima.

Mama alikuwa ameshika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Tulikwenda kilomita kadhaa kimya, ndipo akaniuliza, “Baba, hili gari lako linaumwa?”

Nikamwambia hapana, ni turbo tu inachelewa kidogo. Neno hilo liliniuma hata kabla sijalimaliza, kwa sababu nilijua si kweli. Gari lilikuwa linasita kwa wiki tatu, tangu siku nilipofunga bomba jipya la kuingizia hewa kwenye injini.

Bomba lenyewe lilitoka Sharjah, Uarabuni. Binamu yangu anafanya kazi kule, karibu na yadi za spea za magari yaliyokwisha kutumika, na alijua namna ninavyolipenda gari hili. Akaninunulia seti nzima: bomba la alumini lililopakwa rangi nyekundu, chujio la umbo la pia linalooshwa na kupakwa mafuta, viungo vya mpira na klipu zake. Likaja kwa kago pamoja na nguo za watoto wa shangazi. Siku ya Jumapili nikalifunga mwenyewe, simu imeegemezwa kwenye betri, binamu ananielekeza kwa video. Tulitoa kasha la chujio la kiwandani, tukahamisha sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia, kwenye bomba jipya, tukakaza klipu. Nilipowasha, mlio ulikuwa mzito na mzuri, na ukiachia mafuta unasikia turbo inavuta pumzi. Tulifurahi wote wawili, yeye kule na mimi huku.

Kesho yake asubuhi, kwenye mataa ya Ubungo, gari likasita kwa mara ya kwanza.

Wiki tatu zilizofuata nilifanya yale ambayo wengi wetu hufanya. Nikabadilisha plagi zote nne, kazi ngumu kwenye Subaru kwa sababu silinda zake zimelala na plagi zimetazama ubavuni, mkono haupiti. Nikabadilisha chujio la mafuta. Nikahama kituo cha mafuta nikidhani petroli imechanganywa. Nikanunua dawa ya kusafishia sensa, nikaipulizia, maana niliambiwa mafuta ya lile chujio huweza kuruka na kuganda kwenye sensa. Kilio kikabaki kilekile. Mwishowe fundi mmoja wa jirani akanishauri nitoe tamino la betri, kichwa cha waya wake, usiku kucha ili kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, isahau matatizo. Nikatoa. Asubuhi gari likawa baya zaidi, linatetemeka hata likiwa limesimama. Baada ya siku tatu likatulia kidogo, likarudi kwenye kusita kwake kwa kawaida. Jambo hilo lilinichanganya kuliko yote. Kama dawa haifai, basi isifanye kitu. Kwa nini ilizidishe ugonjwa?

Nilimwacha Mama Morogoro, nikarudi Dar kwa mwendo wa pole, siku nzima silipiti hata trekta. Taa ya chek injini iliwaka nilipokuwa naingia Mlandizi. Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikalipeleka gari Tabata kwa mzee mmoja aliyejulikana kwa Subaru.

Nilianza kumsomea orodha: plagi, chujio, mafuta, dawa, tamino. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, “Bwana mdogo, kati ya hivyo vyote, kipi ulikipima kabla ya kukibadilisha?”

Sikuwa na jibu.

Hakushika spana. Alileta kompyuta mpakato yenye kava lililobanduka, akachomeka waya chini ya usukani, akaniambia niwashe injini na nisimame pembeni yake niangalie. Kwenye kioo kulikuwa na safu za namba zinazocheza. Akaweka kidole kwenye moja. Ilikuwa 21.

“Hii ni asilimia,” akasema. “Kontrol boksi inaongeza mafuta asilimia 21 kuliko inavyoamini injini inahitaji. Gari lisiloumwa huwa karibu na sifuri. Likifika 5, siulizi. Hili linalia.”

Kisha akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, na kwa sababu yake nimeamua kuandika haya. Ndani ya sensa ya hewa mna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa inayoingia huupoza. Kadiri hewa inavyopita kwa wingi, ndivyo umeme mwingi zaidi unavyohitajika kuuweka waya katika joto lake, na kontrol boksi huusoma umeme huo na kusema: hewa ni kiasi hiki, basi mwaga petroli kiasi hiki. Uwiano unaotakiwa, gari likienda mwendo wa kawaida, ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Lakini waya ule hauioni hewa yote. Unaonja ile tu inayougusa, na kiwandani walipiga hesabu zao kwa bomba la upana mmoja, lile la kwenye kasha nililokuwa nimelitupa stoo.

“Hewa ileile ukiipitisha kwenye bomba pana inakwenda polepole,” akasema. “Ikienda polepole haiupozi waya sawasawa. Sensa inaripoti hewa pungufu, na petroli inamwagwa pungufu. Injini yako haikunyimwa hewa, inapata hewa tele. Inadanganywa idadi.”

Nikamuuliza, kama kontrol boksi inajua kuongeza hiyo asilimia 21, kwa nini gari lisite?

Akasema kuna sensa nyingine kwenye egzosi, ya oksijeni, inayonusa moshi na kugundua kwamba mafuta hayakutosha. Lakini yenyewe hunusa kilichokwisha kuungua. “Ni kama mpishi anayeonja chumvi mboga ikiwa imeshaiva. Ataongeza kwenye sufuria ya kesho. Ukienda mwendo mmoja inamtosha, kwa sababu kila sufuria inafanana na ya jana. Wewe ukikanyaga mafuta ghafla, hewa inaingia kwa kishindo, na mpishi bado anaonja ya zamani. Hapo ndipo zile sekunde zako mbili.”

Nikaelewa pia habari ya tamino. Kontrol boksi ilikuwa imejifunza kwa siku nyingi kuongeza petroli kufidia uongo wa sensa. Nilipotoa tamino niliifuta elimu yake yote, ikarudi kuanza na sifuri, na kwa siku tatu injini ikaenda na njaa kamili mpaka ilipojifunza tena. Sikuwa nimefuta ugonjwa. Nilikuwa nimefuta kinga. Bado nakutana na watu wanaoshauriana kutoa tamino kama dawa ya kila kitu, na kila mara najitahidi kuwaeleza hili.

Mzee hakuishia kwenye maelezo. Alisema bomba pana peke yake halitoshi kufikisha 21, kuna hewa nyingine inayoingia bila kupita mlangoni. Akaleta kifaa alichokitengeneza mwenyewe: kofia ya bomba la maji la plastiki, katikati imetobolewa na kufungwa valvu ya tairi. Akafungua bomba baada ya sensa, akaiziba njia ya hewa kwa kofia ile, akachomeka pampu na kujaza upepo kidogo tu. Kijana wake akapaka maji ya sabuni kila kiungo. Tukainama kusikiliza. Chini kabisa, mahali ambapo macho hayafiki, povu likaanza kuumuka. Ilikuwa hosi ya kupumulia injini, ile inayotoka kwenye kava la valvu na kurudi kwenye bomba la hewa. Chuchu ya bomba jipya ilikuwa nene kuliko ya zamani. Jumapili ile niliilazimisha hosi kwa nguvu, mpira ukapasuka upande wa chini, nami nikafunga kwa utepe wa plastiki juu ya mpasuko bila kuuona. Hewa ilikuwa inaingilia hapo, baada ya sensa, haihesabiwi na mtu.

Akatafuta hosi mpya ya kipimo chake, akaikata, akaifunga kwa klipu ya chuma. Tukazunguka na gari mpaka Segerea na kurudi, kompyuta mapajani mwa kijana. Ile namba ikashuka mpaka 14. Kusita kukapungua, hakukuisha.

Hapo akatoa vania na kupima kipenyo cha ndani cha bomba jekundu mahali sensa inapokaa, kisha akanituma nyumbani nikalete kasha la kiwandani. Niliporudi akapima na lile. Tofauti ilikuwa milimita tano hivi. Mimi niliona ni kidogo mno. Akachukua chaki, akachora duara mbili kwenye sakafu ya saruji, moja ndani ya nyingine, akanionyesha ule ukanda uliobaki katikati. Hewa hupita kwenye eneo, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Kwa mabomba ya ukubwa ule, milimita tano zinaongeza nafasi kwa karibu asilimia 15. Akaandika 15 ndani ya duara, pembeni yake akaandika 14, akaniangalia. Zaidi ya hapo, akasema, sensa niliikalisha mara tu baada ya kona ya bomba, hewa ikiwa bado inazunguka. La kiwandani huifikisha ikiwa imenyooka.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kubaki na bomba jekundu na kumlipa mtu wa kuiandikia kontrol boksi hesabu mpya za sensa. Ni njia halali kabisa, na anayetaka nguvu zaidi hana budi kuipitia. Ya pili, kurudisha la zamani. Nilimuuliza yeye angefanya nini. Hakujibu moja kwa moja. Alisema turbo ikisukuma kwa nguvu zote, gari haliisikilizi tena ile sensa ya egzosi. Linafuata hesabu zilizoandikwa na yale liliyojifunza, na hesabu zikiwa pungufu pale, joto la silinda linapanda, injini inagonga, na pistoni za injini hizi hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi. Aliingia ndani akatoka na pistoni moja iliyomeguka ubavuni, akaniwekea mkononi. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia.

Nikamwambia arudishe la zamani.

Ilichukua saa moja. Kasha lilifutwa vumbi, chujio bapa jipya likawekwa, sensa ikarudi kwenye kiti chake. Tulipotoka tena kuelekea Segerea namba ilikuwa inashuka kadiri tunavyokwenda: 9, 6, 4. Tulipogeuza ilikuwa 2 na ikakaa hapo. Mzee aliniambia nikanyage. Nikakanyaga, na gari likaondoka papo hapo, bila kufikiri, kama lilivyokuwa siku niliyolichukua bandarini. Koo lilinikaba. Nilikuwa nimekaa wiki tatu nikiamini gari langu limekufa, na nilikuwa tayari kulitangaza kuliuza.

Jioni nilimpigia binamu. Nilihofia atajisikia vibaya, kwa hiyo nilianza na hosi, kosa langu mwenyewe, kisha nikafika kwenye kipenyo. Aliuliza maswali mengi, akataka nimtumie picha ya zile duara za chaki. Bomba lake liko nyumbani mpaka sasa, limefungwa kwenye gazeti.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumchukua Mama. Dada yake alitujazia gari ndizi na machenza. Tulipofika maeneo ya Mikese tukakuta lori la makontena linateremka taratibu, barabara mbele nyeupe mpaka mbali. Mama alikuwa anamenya chenza. Nilipowasha indiketa nikaona kwa pembe ya jicho vidole vyake vimesimama. Nikatoka kulia, nikakanyaga, na makontena yakapita dirishani mwake moja baada ya jingine mpaka yakaisha. Niliporudi kushoto alikuwa ameendelea kumenya. Akanyoosha mkono, akanipa kipande.