Kafiri kumbe ni mkulima?

Juzi niko Kisenyi, Kampala, kwa muuza rolex, zile chapati za kuviringishiwa mayai, anavunja mayai huku anabishana na boda mmoja mambo ya dini, mara akamwita kafiri, jamaa akanuna mpaka chapati ikapoa mkononi. Mi nikacheka maana neno lenyewe la Kiarabu, mzizi wake k-f-r ni kufunika tu, yaani kafiri anaifunika haki, na ndo maana kwenye Qurani sura ya 57 aya ya 20 wafasiri wengi wanasema "kuffar" pale ni wakulima, si wanafunika mbegu udongoni! Hata kafara ni ukoo huohuo, inafunika dhambi. Ila Afrika Kusini wazungu waliligeuza tusi la watu weusi, hapo sicheki.