Aa. Mandhari.

Ni saa tano usiku, Kihesa kumepoa mpaka vioo vya madirisha vimetoa jasho, na mimi bado niko Jumapili. Wenzangu wote wako Alhamisi. Dada kajifungua mapacha jana alfajiri, mvulana na msichana, wote wazima, mama kaenda Mafinga kumlea mzazi, cheti changu cha afya kimetoka bila dosari, lakini mimi niko palepale kwenye mkeka wa baba mdogo, kiazi mkononi.

Baba mdogo mnamjua. Ndiye aliyeuza ekari tatu za misindano kijijini, pale nilipokwama kwenye saa 96 za kuruka na ada ya urubani imekwisha. Miti ya miaka 12. Angeivumilia mitano mingine ingemlipa vizuri zaidi, na kila mtu Mufindi anajua hesabu hiyo. Hakuniandikisha deni, hakunipa masharti. Saa 22 zilizopo kwenye daftari langu la urubani ni miti yake, na kila ninapozijumlisha nazijua ni zipi.

Jumapili baada ya ibada tulikula kwake. Viazi vya kuchemsha, maharage, chai ya maziwa. Yeye humenya kiazi kwa kucha ya dole gumba, ganda likatoka utepe mmoja mrefu, na chini ya kucha hiyo kuna utomvu mweusi usiotoka hata kwa mafuta ya taa. Nilikuwa nautazama huo utepe aliponiuliza.

"Ijumaa ulikwenda wapi, mama?"

"Njombe, baba mdogo. Halafu Songwe, ndiyo nikarudi Iringa, Nduli."

"Ulibeba mzigo?"

"Hapana."

"Abiria?"

"Hapana, nakusanya saa tu."

"Sasa hiyo Njombe nani alikuchagulia?"

"Nilichagua mwenyewe. Nachagua viwanja vyenye mandhari."

"Aa," akasema. "Mandhari." Akachukua kiazi kingine.

Basi, hayo tu. Hakununa wala hakupandisha sauti. Shangazi akaingia na chupa ya chai, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbolea. Lakini mimi tangu saa ile nimeshasikia hilo neno labda mara mia mbili. Nikipiga mswaki nalisikia, na kwenye daladala ya kutoka mjini nalisikia. Mandhari. Mtu kakata miti yake haijakomaa, na mimi nimemwambia usoni kwamba nazunguka angani kutazama vilima.

Majibu yalikuja baadaye, yote, kwa mpangilio mzuri, kama yanavyokuja siku zote mtu akishapanda gari. Ningeweza kumwambia kwamba viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya urubani wa biashara, kwa anayesoma kwa njia yangu, vinataka saa 200, na 100 kati ya hizo mimi mwenyewe niwe rubani kiongozi. Na humo ndani iwemo safari moja isiyopungua kilomita 540, ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Iringa mpaka Njombe kwa mstari wa angani ni kama kilomita 210, Njombe mpaka Songwe 175, Songwe mpaka Iringa 305. Jumla inakaribia 690. Ile pembetatu ya Ijumaa ilikuwa sharti la leseni, baba mdogo, na nimelimaliza kwa siku moja. Angeelewa. Ni mtu wa hesabu.

Ila ningekuwa nimemwambia nusu ya ukweli. Ningeweza kuzipata hizo kilomita kwa kufuata pwani, tambarare tupu, hewa nzito inayobeba ndege vizuri. Sikufanya hivyo. Nilitandaza ramani sakafuni hapa sebuleni, nikatafuta palipojaa rangi ya kahawia, nikaweka kidole. Ndivyo ninavyochagua, na waliosoma ile niliyoandika ya kiwanja cha Msembe kule Ruaha, siku twiga walipogoma kutoka njiani nikazunguka mara tatu, wanajua sijaanza leo. Kwanza naangalia ni wapi ningependa kupaona. Mafuta, upepo, urefu wa njia na pa kukimbilia injini ikizima navipima baadaye, na vikikataa naacha. Makete nimeiacha mara mbili kwa sababu hiyo. Lakini mwanzo wake ni macho.

Na niseme lililo kweli: macho hayo ndiyo yamenifundisha zaidi ya darasa. Kiwanja cha Njombe kiko futi 6,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ijumaa nilipokuwa tayari kuondoka kipimajoto kilisoma nyuzi 15. Baridi ya koti kwa binadamu, ila kwa urefu ule hewa ya kawaida ingekuwa nyuzi 2 tu, na kila nyuzi moja ya ziada unaongeza kama futi 120 kwenye hesabu. Ukikokotoa, ile ndege yetu ya kukodi, Cessna 172, ilikuwa inajiona iko futi 8,000 kabla magurudumu hayajaondoka ardhini. Karibu robo ya nguvu ya injini haipo. Haijaharibika, hewa tu ndiyo nyepesi. Ningengoja mpaka saa nane mchana, jua likaleta nyuzi 22, ingejiona iko karibu 8,800. Kwa hiyo unaondoka asubuhi, na hungoji mtu akumalizie chai.

Mlinzi wa pale, mzee mwenye koti la jeshi na kofia ya sufu, alikuja kunisindikiza mpaka kwenye bawa. "Kamwene," akanisalimu, nami nikamjibu, akafurahi kwamba rubani ni binti wa huku. Aliniuliza kama huko juu ni baridi kuliko Njombe. Nikamwambia kule ninakokwenda, ndiyo. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akanipa parachichi mbili.

Mwisho wa njia nilikanyaga breki, nikasukuma nguvu yote, kisha nikashika ule mkono mwekundu wa mchanganyiko wa mafuta nikauvuta taratibu. Huku juu ukiuacha umesukumwa wote ndani kama Dar, injini inakunywa mafuta kuliko hewa iliyopo, inakohoa. Unavuta huku sikio liko kwenye mlio. Mshale wa mizunguko unapanda kidogo, unapanda tena, halafu ghafla mlio unaanza kukwaruza, hapo unarudisha kidogo mpaka utulie. Ni kama kupunguza moto wa wali. Nikaachia breki. Ndege ilikimbia, ikakimbia, nami nikiwa nimeshaiwekea alama kichaka fulani kwamba nikifika hapo sijapata kasi nafunga kila kitu nabaki Njombe. Iliinuka kabla ya kichaka. Ikapanda polepole, futi mia tatu kwa dakika, baadaye mia mbili, mashamba ya viazi yakinitazama kwa muda mrefu.

Nilipofika futi 10,500 nilikuwa naikaribia Kitulo. Juni hakuna maua. Maua ni Desemba mpaka Aprili, wanapopaita Bustani ya Mungu, na ndiyo sababu ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, baada ya watu kuchimba okidi kwa magunia ili mizizi yake ipelekwe Zambia kutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda. Ijumaa ilikuwa nyasi tupu. Lakini nyasi zile! Rangi ya manyoya ya mbwa wa kijijini, zinalala upande mmoja kisha mwingine upepo unapopita, na kwenye mabonde ambako jua halijafika kulikuwa bado na weupe. Barafu ya alfajiri. Niliona mstari wake kabisa, kivuli kinapoishia na weupe unaishia hapohapo.

Zaidi ya nusu saa juu ya futi 10,000 bila oksijeni hairuhusiwi, nami saa yangu ilikuwa pajani. Nilitumia dakika 21. Mlima Rungwe ulipita kushoto, kichwa chake kimevaa wingu dogo tu, na mbele yangu ikafunguka Ngosi, ziwa ndani ya shimo la volkano, kijani kizito, halina wimbi. Watu husema lina umbo la ramani ya Afrika. Kwa chini huwezi kujua. Mimi nimejua. Nilisema kwa sauti, peke yangu, ndani ya kelele za injini, "Ee Mungu wangu." Kisha nikaanza kushuka kwenda Songwe kwa sababu kushuka usipokuanza mapema hapo unafika ukiwa juu mno.

Nimeandika aya hizo na kifua kimenifunguka. Sitazifuta wala sitaziomba radhi.

Lipo jambo ambalo sikumwambia baba mdogo, na leo ndiyo nimeona kwamba hilo ndilo linalonikereketa. Asubuhi ile, dakika kama 35 tangu niondoke Nduli, nilipita karibu na Mafinga. Kushoto kulikuwa na chai ya Mufindi, imekatwa sawasawa kama zulia, na msitu wa Sao Hill unakwenda mpaka macho yachoke. Nikageuza kidogo. Nikakitafuta kijiji kwa bati la kanisa, nikakipata, nikafuata barabara ya vumbi mpaka kwenye mteremko wa kwetu. Nikaliona shamba. Katikati ya kijani chote kile kipande kimenyolewa, chekundu, visiki vinaonekana kama nukta. Pembeni yake kuna nukta nyingine ndogo kwa mistari, za kijani. Kumbe ameshapanda upya. Hakuniambia.

Hiyo nayo ilikuwa mandhari. Niliizunguka mara moja, nikaandika saa kwenye karatasi, nikaendelea na njia yangu.

Jioni hii nimempigia mama. Kwanza tukaongea mapacha, uzito, maziwa, nani kafanana na nani. Halafu nikashindwa kujizuia.

"Mama, Jumapili baba mdogo alisemaje pale nilipotaja mandhari?"

"Aliuliza."

"Aliuliza nini?"

"Mandhari gani. Alisema, 'Aa, mandhari?' akakungojea. Wewe ukainamia chai."

"Hakuuliza, mama. Alisema tu."

"Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mwanangu. Aliuliza. Ngoja kwanza, huyu wa kike analia."

Nimesimama jikoni nikalisema neno hilo kwa namna zote mbili. Mandhari. Mandhari? Ni sauti tu inayopanda kidogo mwishoni. Kwa mtu aliye na kiazi moto mdomoni inaweza isipande kabisa. Nimelisema mpaka limepoteza maana, na sasa hata ile ya Jumapili siisikii vizuri tena. Kama mama ndiye sahihi, basi mzee wa watu aliniuliza nimeona nini huko juu kwa miti yake, na mimi nikanyamaza mpaka shangazi akaleta chai. Nilimnyima siku nzima ya Ijumaa. Nilikuwa nayo yote, barafu, Ngosi, na miche yake kwa mistari.

Na kile kiazi cha pili. Nadhani alipokimenya alikiweka kwenye sahani yangu. Nimejaribu kukumbuka nilikula viazi vingapi.

Kumpigia simu saa hizi haiwezekani, analala saa mbili. Na kwenye simu huwa anapiga kelele kana kwamba yuko Dar, anauliza salamu za kila mtu, anakata. Jumamosi naweza kwenda, kama mwenzangu hatakuwa na ratiba na ndege, na kama dereva wa basi la asubuhi...

Nimesimama kwenda kumtazama bibi. Tangu mama aondoke analala peke yake chumba cha nyuma, na baridi hii imemwingia. Nimekuta harufu koridoni. Amelichukua jiko la mkaa akaliingiza chumbani na kufunga mlango, akaziba na upenyo wa chini kwa kanga. Nimelitoa nje, nimefungua dirisha, amenikasirikia kweli. "Nimelala na moto tangu sijaolewa," ananiambia, na anaumwa kichwa kidogo, anasema ni uzee. Nimempa blanketi langu na chupa ya maji ya moto. Amekubali, halafu amegeukia ukutani.

Mkaa bado unawaka pale uani. Nimeacha milango yote miwili wazi, wake na wangu, na nimeweka simu iniamshe saa nane, kisha saa kumi.