Nilivyojua intaneti ya ofisi inaishia wapi

Ofisini kwetu Mwanza tunashughulika na hesabu za watu. Ikikaribia tarehe 20, mwisho wa kuwasilisha ritani za VAT, kila mtu yuko mtandaoni, na hapo hapo intaneti inagoma kuanzia saa tisa alasiri. Tunalipia kasi ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 20 za kupakua, yaani kupokea data, na 5 za kupakia, yaani kuituma. Niliipigia kampuni ya intaneti mara tatu, wakapima, wakasema kwao kuko sawa. Nikawageukia vijana wa mafunzo kwa vitendo, nikawakataza video mbele ya watu. Hakuna kilichobadilika.

Nikaamua kupima. Rauta yetu, kifaa kinachogawa intaneti ofisini, ni ya MikroTik. Ukiiwashia Graphing inachora matumizi yenyewe, wastani wa kila dakika tano. Nikaiacha wiki nzima. Mstari wa kupakua haukufika hata nusu. Wa kupakia, kila saa tisa, ulipanda hadi Mbps 5 ukabaki hapo hapo mpaka tunafunga ofisi. Siku zote nilikuwa nikiangalia kupakua tu! Kumbe kupakia kukijaa, kupakua nako kunakwama, maana kompyuta inayopokea lazima irudishe taarifa kwamba mzigo umefika, na taarifa hizo zinapanga foleni ile ile.

Kesho yake saa tisa na robo nikafungua Winbox, programu ya kusimamia rauta, na ndani yake Torch, inayoonyesha papo hapo nani anatumia kasi kiasi gani. Anwani moja ya kompyuta inatuma Mbps 4.6 peke yake. Orodha ya DHCP, yaani ya vifaa vilivyopewa anwani na rauta, ikanipa jina: kompyuta ya masijala. Nikamkuta dada wa pale anaskani risiti za wateja, kwa rangi, dpi 600 (nukta kwa inchi, na zikizidi faili linakuwa zito), kwenye folda inayojipakia mtandaoni papo hapo.

"Kaka, kumbe ni mimi?" akauliza, risiti bado mkononi.

Nikamwambia hapana dada, wewe unafanya kazi uliyopewa. Mpangilio huu ni wangu.

Tukashusha hadi dpi 300, bila rangi, nikamwekea Simple Queue, yaani kikomo cha kasi, ya Mbps 1. Haikukamata. Nilihangaika karibu saa nzima ndipo nikakumbuka FastTrack, kanuni iliyokuja na rauta, ambayo hupitisha data bila kuigusa Simple Queue. Nikaizima, nikawasha rauta upya, na kasi ya masijala ikatulia kwenye Mbps 1. Tarehe 20 iliyofuata ritani zote zilikwenda kabla ya saa kumi na moja.

Wale vijana nimewaomba radhi, nao mbele ya watu.