Nilivyojiandaa kwa mbio za Kilimanjaro nikiwa kwenye theluji ya Minneapolis

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari. Kwa aliyeko Arusha au Dar hilo halina shida. Kwa anayeishi Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, maana yake ni kwamba mazoezi mazito yote yanaangukia Desemba na Januari, wakati wa baridi kali kuliko yote ya mwaka. Usiku wa kawaida wa Januari huku hufika kama nyuzi 13 chini ya sifuri, na zipo siku zinazofika 25 kabla hujauhesabu upepo. Mimi nilitaka nusu marathoni, ile inayopanda kuelekea Mweka, na nilitaka kuikimbia yote bila kutembea. Naandika kwa sababu kila mwaka Watanzania wenzangu wa huku huniambia wangependa kwenda ila baridi hairuhusu. Inaruhusu.

Tena baridi yenyewe siyo iliyonisumbua zaidi. Giza ndilo lililonisumbua. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mtu wa ofisini anatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Kofia ya sufu unaweza kununua, lakini hamu ya kutoka kitandani hainunuliki. Mimi iliyoniokoa ni kampani. Kuna dada mmoja Mkenya, muuguzi, ambaye siku anazotoka zamu ya usiku hupenda kukimbia kidogo kabla ya kulala. Ujumbe wake ulikuwa uleule: “Kaka, niko hapa chini. Teremka.” Ukishajua mtu amesimama kwenye theluji anakungoja, blanketi huliwazi tena. Siku ambazo hakuwa zamu nililala na nguo za mazoezi zikiwa zimepangwa juu ya kiti kwa mpangilio wa kuvaliwa, soksi juu kabisa, ili asubuhi kusiwe na jambo la kuamua.

Kuhusu mavazi, wenyeji wana kanuni nami naikubali kabisa: vaa kana kwamba kuna joto la nyuzi 10 zaidi ya ilivyo. Ukifungua mlango ukajisikia vizuri, umezidisha nguo. Dakika za kwanza lazima utetemeke kidogo, kwa sababu adui mkubwa ni jasho. Nguo ikilowa halafu ukapunguza mwendo, joto la mwili linaondoka kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo fulana ya pamba iache nyumbani. Ndani nilivaa ya sufu laini, juu jaketi jepesi la kuzuia upepo, basi. Glovu za vidole vilivyotengana hazinifai baridi ikizidi nyuzi 15 chini ya sifuri. Navaa zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na kupashana joto. Usoni nilipaka mafuta ya mgando, mashavuni na puani, kama mama zetu walivyotupaka tukienda shule, na ngozi haikupasuka msimu mzima. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, maana betri huzima ghafla kwenye baridi.

Jingine ni upepo. Anza kwa kuukabili, urudi nao ukikusukuma mgongoni. Ukifanya kinyume, unafika mbali umeshatoka jasho, halafu unageuka na kukutana nao usoni ukiwa umelowa. Kando ya Mto Mississippi niliona jinsi unyevu wa pumzi unavyoganda kwenye kope mpaka zinashikana, ukipepesa unasikia zinaachana. Upepo ukifanya hali ihisiwe kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na siku hizo sikutoka. Huo siyo uvivu.

Kasi niliiondoa kwenye hesabu. Juu ya theluji iliyoshindiliwa mguu unateleza nyuma kidogo kila hatua, na kushindana na saa ya mkononi ni kutafuta jeraha la nyonga. Nilikimbia kwa muda na kwa pumzi: saa nzima kwa mwendo ambao bado ninaweza kuongea, mwisho wa wiki muda mrefu zaidi. Bahati nzuri njia za kuzunguka maziwa ya mjini, kama Nokomis, husafishwa theluji. Palipobaki barafu nilifunga vyuma vidogo chini ya viatu.

Mashine ya kukimbilia niliitunzia kazi moja, yaani Mweka. Minneapolis ni tambarare, hakuna mlima wa kukufundisha kupanda kilomita baada ya kilomita bila kupumzika. Mara moja kwa wiki niliinua mashine kiasi cha asilimia 5 na kupanda taratibu kwa dakika nyingi mfululizo. Inachosha akili kuliko mwili, lakini ndiyo iliyonifikisha juu.

Ikabaki habari ya joto. Mwili huhitaji kati ya siku 7 na 14 kuzoea joto, nami nilikuwa natoka kwenye barafu kwenda kukimbia chini ya jua la Moshi. Wiki za mwisho, kila baada ya mazoezi, nilikaa kwenye chumba cha mvuke cha jimu kwa dakika 20 hivi, maji pembeni, nikitoka mara kichwa kikianza kuwa chepesi. Likizo nayo niliipanga nifike nyumbani zaidi ya wiki moja kabla, nikikimbia polepole asubuhi na kuongeza chumvi kidogo kwenye chakula.

Siku ya mbio nilipanda mpaka kwenye migomba na mikahawa bila kutembea hata hatua moja, na pumzi ilikuwepo. Wakati wa kushuka ndipo mapaja yaliponiuma, kwa kuwa mashine hainifundishi kushuka na barafuni huwezi kushuka kwa nguvu. Kwa msimu ujao nimeshapata dawa: jengo letu lina ngazi ndefu na lifti, kwa hiyo nitapanda kwa lifti na kushuka kwa miguu, kuanzia Desemba.