Chai ya rangi nayo ni chakula: nilivyowazoesha watu wa Lamu kuja maabara tayari

Kazi yangu ni kutoa damu na kupima, hapa Lamu mjini. Kinachowarudisha watu nyumbani bila kupimwa mara nyingi si mashine, ni kikombe cha chai. Mama anaketi, anapandisha mkono wa buibui hadi juu ya kiwiko, nafunga mpira, namuuliza kama amekula.

"Sijala, mwanangu. Nimekunywa chai ya rangi tu."

"Ina sukari, mama?"

"Vijiko viwili tu."

Nafungua mpira. Mama hakusema uongo. Aliambiwa asile, naye hakula. Kosa ni letu tuliompa neno moja na kumwachia alifasiri mwenyewe. Siku hizi sisemi "usile". Nasema: kuanzia saa nne usiku kisipite kitu kinywani ila maji matupu. Kisha navitaja kwa majina: chai, kahawa chungu, maziwa, dafu, maji ya ukwaju, peremende, tambuu, sigara, miraa. Kitu nisichokitaja, mtu atakitumia. Maji yenyewe namhimiza anywe gilasi moja au mbili asubuhi, kwa sababu mwenye kiu mshipa wake hujificha na sindano humuumiza bure.

Saa zihesabiwe tangu tonge la mwisho, si tangu kulala. Sukari ya kufunga inataka saa 8 au zaidi. Mafuta ya damu, daktari akitaka upime ukiwa umefunga, saa 9 hadi 12. Usifunge zaidi ya saa 14 ukidhani ndiyo usahihi zaidi. Na jioni ya kabla ya kupima kula kama kawaida yako. Aliyetoka harusini na pilau la nyama, mafuta ya damu na kipimo cha figo vinaweza kupanda kwa sababu ya mlo ule mmoja.

Watu wa Pate na Faza, kisiwa cha jirani, ndio walionifunza zaidi, maana safari yao inafuata maji. Maji yakikupwa kwenye mkondo wa bahari wa Mkanda boti haipiti, na aliyepanga kutolewa damu saa mbili asubuhi anafika saa sita. Kwa hiyo nawauliza kwanza boti inaondoka saa ngapi, ndipo tunahesabu kurudi nyuma. Akitarajia kufika saa tano asubuhi, basi ale chakula cha mwisho saa sita usiku, si magharibi. Mwenye kisukari abebe tende mfukoni. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba au kuona kiza baharini, ale papo hapo na kipimo kisubiri siku nyingine. Vidonge vya presha ameze kwa maji kama kawaida. Vidonge vya sukari na insulini ya mlo aje navyo, atumie akishatolewa damu na chakula kiko mbele yake. Insulini inayofanya kazi muda mrefu amuulize daktari wake kabla ya siku ile.

Ramadhani ina kosa lake. Mtu amekula daku saa kumi na moja alfajiri, anakuja saa mbili asubuhi akisema "nimefunga", na kweli amefunga, lakini tumbo lina saa 3 tu. Nampa miadi ya saa saba mchana au baada ya hapo, nami naandika kwenye fomu kwamba hajanywa maji tangu alfajiri, kwa sababu urea, taka ya damu inayopimwa kuchunguza figo, huweza kupanda kwa ukavu wa mwili tu.

Mtu anapofika kitini, nami nina wajibu wangu. Mpira usizidi dakika 1 mkononi. Mgonjwa asikunje na kukunjua ngumi kwa nguvu, maana hilo hupandisha potasiamu na kumfanya daktari ahofie moyo usio na ugonjwa. Damu ya sukari naitia kwenye chupa ya kizibo cha kijivu yenye floridi, naipindua taratibu mara 8 hivi, na siiachi dirishani. Ikikaa kwenye chupa isiyo na floridi, chembe za damu huendelea kula sukari, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto letu huzidisha. Mgonjwa wa kweli huonekana mzima kwa damu iliyochelewa.

Mkojo unataka chupa ya maabara. Ya asali au soda, hata ukiiosha, hubakisha utamu, na kipimo kitasema una sukari. Kwa kipimo cha kuotesha vijidudu, jisafishe kwa maji, mwaga wa kwanza chooni, kinga wa katikati, ufike ndani ya saa 2 au ukae kwenye friji, na usianze antibiotiki kabla. Kichocho ni kinyume: lete mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, baada ya kutembea kidogo, na matone ya mwisho ndiyo yenye mayai. Choo cha maji kipimwe ndani ya nusu saa, kwani amiba ikishaacha kutembea ni vigumu kuitambua. Cha kuletwa kwa punda kutoka kijiji cha Matondoni kimeshachelewa, kwa hiyo nampa mtu kikopo akitumie hapa hapa.

Majibu nayo yana mitego. Sukari ya kufunga ya 7.0 au zaidi ni kisukari, lakini kwa asiye na dalili hurudiwa siku nyingine kabla ya kumwita mgonjwa. Wapo wanaoleta karatasi za Uarabuni zilizoandikwa 126, nyumba nzima ikalia. Ni ile ile 7.0 kwa kizio kingine: mg/dL badala ya mmol/L yetu. Gawa kwa 18. Kipimo cha sukari ya miezi 3 hakihitaji kufunga, ila mwenye selimundu (siko seli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) atuambie, kwa sababu chembe zake haziishi muda wa kawaida na jibu hudanganya. Na aliyemaliza dawa ya malaria asipimwe tena kwa kile kipimo cha haraka akiona homa wiki ya pili. Huweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aombe damu iangaliwe kwenye kioo cha hadubini, na amtajie anayempima siku aliyomeza dozi ya mwisho.