Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku

Nilimpa mdogo wangu figo yangu moja alipokuwa na umri wa miaka 19. Ilikuwa kabla ya Desemba 2023, hospitali ya Mulago ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo hapa Uganda, kwa hiyo ukoo mzima ulichanga mpaka tukafika India.

Tuliporudi Bombo, mama ndiye aliyekuwa saa yake. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku alimletea maji na takrolimasi, dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, akasimama mpaka zimemezwa. Kisha kijana akaenda chuoni Kampala, akapanga chumba na wenzake wawili, na hapo hakuna aliyesimama mlangoni. Madaktari wanajua kwamba umri huu, tangu miaka 17 hivi hadi 24, ndio ambao figo zilizopandikizwa hupotea zaidi. Ndio umri wa kutoka nyumbani.

Siku moja nilikwenda kumtembelea, na nilipokuwa nikitandika kitanda chake nikakuta chini ya godoro vidonge vya usiku vya karibu wiki tatu, bado vimo katika karatasi zake. Nilimwambia neno ambalo ningependa kulirudisha: kwamba anaichezea figo yangu. Alichojifunza kwangu siku ile ni kuficha vizuri zaidi.

Baadaye, taratibu, alinieleza. Dawa yake nyingine, predinisoloni, ilikuwa imemvimbisha uso na kumtoa chunusi, na wenzake wakampa jina. Saa mbili usiku ndiyo saa ya kula pamoja, naye hakutaka kutoa dawa mbele yao. Aliporuka dozi ya kwanza hakusikia lolote, na ya pili vilevile. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mwili unapoanza kuikataa figo mara nyingi hauumi. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, hupanda kimyakimya, na mkojo unapopungua au miguu inapovimba, huenda sehemu ya figo imekwisha kuharibika. Hata kipimo cha kiasi cha takrolimasi mwilini, ambacho damu yake hutolewa asubuhi kabla ya dozi, kinaweza kutoka kizuri kwa mtu aliyemeza barabara siku tatu tu kabla ya kliniki.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaowaita vijana hawa wazembe. Ningependa kliniki impe kijana dakika chache peke yake, bila mama wala dada, aulizwe ni dozi ngapi zimempita, kwa sauti isiyomhukumu. Dozi zake nyingine zilipita kwa sababu ya fedha tu, naye aliona haya kutuomba tena.

Sasa simuulizi kama amemeza. Namuuliza zimebaki za siku ngapi. Jumapili iliyopita alijibu, "Za siku tatu, dada," na Jumatatu asubuhi tukaenda pamoja duka la dawa.