Webkamu ya elfu thelathini na Mshtarii juu ya Igogo

Mbalamwezi ikishatoka huku Mwanza wavuvi wa dagaa wanapumzisha mitumbwi, maana taa zao hazivuti kitu ziwa lote likiwa jeupe, na hizo siku ndo mimi natoa darubini nje. Wanaopiga galaksi wanaukimbia mwezi ila sisi wa sayari hautusumbui, Mshtarii na Zohali zinang'aa vya kutosha, na mwezi wenyewe na mashimo yake ndo picha ya kwanza kwa kila anayeanza. Na si lazima uwe na kamera ya milioni, webkamu ya kompyuta ukiifunga kwenye darubini inatosha kabisa, ila uichague vizuri.

Mimi ya kwanza nilikosea. Niliangalia maandishi ya kwenye boksi tu, 1080p, nikalipa, kufika nyumbani naifungua na bisibisi nakuta lenzi imemiminiwa gundi haitoki, halafu mwanga inajipimia yenyewe huwezi kuizuia. Hiyo ya mwanga ndo inaumiza zaidi. Kamera ikiona picha yote giza na katikati kuna kidoti kimoja, inadhani uko chumba kisicho na taa, inaongeza mwanga weee mpaka Mshtarii inakuwa kidonge cheupe, ile mikanda yake ya mawingu huoni hata mmoja.

Kwa hiyo pikseli nyingi zisikudanganye. Sayari kwenye darubini ndogo ni kitu kidogo mno, inakaa katikati ya sensa, kile kichipu cha kamera kinachopokea mwanga, na pembeni kote ni weusi mtupu, 640 kwa 480 inaimeza na nafasi inabaki. Uliza kwanza lenzi inafunguka? Exposure (muda wa kupokea mwanga) na gain (kiasi cha kuukuza) naweza kuziweka mwenyewe? Kompyuta inaitambua bila kutafuta draiva, ile programu ya kuiendesha? Wazee wa hii kazi walianza na Philips ToUcam na ndugu yake SPC900NC, zilikuwa na sensa nzuri sana ya aina ya CCD na picha zake mpaka leo zinaheshimika, ila ukiikuta mtumba jiulize draiva yake itakubali kwenye Windows ya sasa au la. Mimi natumia Logitech C270, nimeipata mtumba kwa elfu 30, lenzi yake inazungushwa inatoka, na kila pikseli yake ina upana wa mikroni 2.8, mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu.

Hiyo 2.8 ina kazi yake. Zidisha kwa 5 unapata 14, ndo uwiano wa f unaoufukuzia kwenye sayari, yaani urefu wa fokasi ya darubini ukigawa kwa upana wake. Darubini yangu ni ya kioo, yaani inakusanya mwanga kwa kioo kama cha kujitazamia na si kwa lenzi, upana milimita 114 na fokasi 900, yaani f/8, nikiweka Barlow ya mara mbili, lenzi ya kurefusha fokasi, inafika f/16, pazuri tu. Tena Barlow ilinisaidia kitu kingine sikukitegemea, bila hiyo kamera ilikuwa haifikii fokasi, ile mirija ya fokasi inagota mwisho picha bado ina ukungu, hizi darubini ndogo za kioo nyingi ziko hivyo.

Kuifunga kwenye darubini nimetumia bomba la maji la plastiki la milimita 32. Tundu la darubini unapochungulia ni inchi moja na robo, yaani milimita 31.75, kwa hiyo unalipiga msasa taratibu huku unajaribisha mpaka liingie bila kucheza, halafu unaligundisha mbele ya sensa pale lenzi ilipokuwa. Angalia vumbi tafadhali, chembe moja kwenye sensa inaonekana kama doa kwenye kila fremu. Ukitoa lenzi mara nyingi na kile kichujio cha kuzuia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kinatoka nayo, rangi zinakuwa za waridi waridi. Kwenye darubini ya kioo unaweza kuvumilia ila ya lenzi itakupa picha yenye ukungu, hapo nunua kichujio.

Halafu hupigi picha moja, unarekodi video. Hewa inacheza, hasa huku kwetu haya mawe yanalala na joto la mchana, mi naanza saa nne usiku yakishapoa. Katika fremu mia kadhaa kuna chache hewa ilitulia kidogo, programu ya AutoStakkert inazichagua na kuzipanga moja juu ya nyingine, RegiStax inanoa, na kurekodi natumia SharpCap, zote unazipata bure. Rekodi bila kubana ukubwa wa faili kama kompyuta inaweza. USB 2 kwenye 1280 kwa 720 inakupa kama fremu 10 kwa sekunde, ukishuka 640 kwa 480 unafika 30, mi nashuka.

Huku tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, sayari zinapita karibu na utosi, hewa ya kupenya inakuwa kidogo, watu wa Uingereza wangetamani hii anga. Shida ni stendi ya ikweta, ile inayozunguka kufuata anga, mhimili wake unatakiwa ulale karibu sawa na ardhi na stendi nyingi ndogo zinagoma, uzito wa kusawazisha unagonga mguu. Mi nimeacha, naiweka Mshtarii pembeni ya picha naiacha itembee yenyewe, inavuka kama nusu dakika, narudia mara tatu nne haraka haraka kwa sababu inajizungusha kwa saa 9 na dakika 55, ukichelewa mikanda inasogea na picha inachafuka. Na fokasi ipate mapema kwenye taa nyekundu ya mnara wa simu, kuitafuta Mshtarii gizani kwenye sensa ya milimita tatu na kitu bila fokasi ni mateso, usiku wa kwanza nilimaliza masaa mawili mazima.

Usiku wa tatu ndo mikanda miwili ilitokea kwenye laptopu, ya kahawia kabisa. Nilimwamsha mke wangu.

Bomba lenyewe nimekata kipande cha sentimita 5 tu, lililobaki limeegemea ukutani hapa kwangu mtaa wa Igogo. Kama uko Mwanza na una webkamu inayofunguka, njoo nayo nikukatie.